Kusoma sarafu kama muswada: tofauti za mihuri katika hela za shaba za Tabora (1916)

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania neno hela lina maana ya fedha kwa jumla. Huku kwetu Katanga husemwa zaidi feza au falanga, na hela tunaielewa bila kuitumia sana. Asili yake inajulikana: ni heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoingizwa katika koloni lao la Afrika ya Mashariki mwaka 1904. Tangu mwaka huo rupia moja iligawanywa katika heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Mwishilio -er wa Kijerumani husikika katika matamshi ya kawaida kama a fupi, na ndiyo sababu masikio ya Waswahili yalipokea hela, wala si heleri. Warundi nao, ambao lugha yao hutumia r mahali ambapo sisi hutumia l, wana amahera kwa maana ya fedha, na neno hilo huhusishwa na asili hiyo hiyo.

Neno, basi, limechunguzwa. Kitu chenyewe kilichobeba neno hilo hakijapata usikivu kama huo katika masomo yetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi ya kuitazama sarafu moja, yaani heller 20 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, na kutambua ndani yake kazi ya mihuri tofauti. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, tofauti zake zinaonekana kwa jicho lililozoezwa kidogo tu. Pili, historia yake inaigusa Kongo moja kwa moja. Hoja yetu ni kwamba tofauti ya muhuri ni ushahidi wa kihistoria kabla ya kuwa sababu ya bei. Mwenye kuzoea kulinganisha miswada ya tenzi ana tayari nusu ya ujuzi unaohitajika.

Neno shaba lenyewe linataka maelezo kidogo. Msomaji wa Lubumbashi anakumbuka kwamba mkoa wetu uliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Kwa Kiswahili shaba hubeba mambo matatu: shaba nyekundu iliyo safi, shaba iliyochanganywa na bati, ambayo ndiyo metali ya sarafu ndogo za nchi nyingi tangu karne ya 19, na shaba ya njano, iliyochanganywa na zinki. Heller moja za kawaida, zilizopigwa Ujerumani kati ya mwaka 1904 na 1913, ni za shaba yenye bati. Heller 20 za Tabora ni za shaba nyekundu au shaba ya njano. Sababu ya mabadiliko hayo ni vita.

2. Sarafu ya Tabora na wakati wake

Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Uingereza zilizuia njia ya baharini. Sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ulaya, na zile zilizokuwapo zilianza kufichwa na watu, kama ilivyo desturi wakati wa hofu. Serikali ya Kijerumani ilichapisha noti za muda ndani ya koloni, nyingine kwa vifaa duni kabisa. Lakini noti haikutosha mahali ambapo askari, wapagazi na wauza chakula walidai kitu cha kushika mkononi.

Njia ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ilikamilika mwaka 1914, na Tabora ilikuwa katikati yake. Huko, katika karakana ya reli, ndiko sarafu za dharura zilikopigwa mwaka 1916: heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Shaba ya njano ilipatikana kwa kuyeyusha vitu vilivyokuwapo, yakiwamo maganda ya risasi na ya mizinga.

Kazi hiyo haikudumu. Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, yaani Force Publique chini ya Jenerali Tombeur, yalikuwa yakisonga mbele kwa njia mbili. Kikosi cha Molitor kiliingia Kigali mwezi wa Mei 1916, na kikosi cha Olsen kikateremka kufuata ziwa Tanganyika na reli. Tabora ilitwaliwa tarehe 19 Septemba 1916. Hivyo sarafu zote zenye herufi T na mwaka 1916 ni kazi ya miezi michache tu. Si ajabu zikikutwa leo katika masanduku ya familia upande wetu wa ziwa, maana askari na wapagazi walirudi na walichokuwa nacho mfukoni.

3. Istilahi za lazima

Katanga tunazijua fedha za shaba za aina nyingine, misalaba iliyomiminwa katika kalibu kwa karne nyingi. Sarafu ya Tabora haikumiminwa, ilipigwa. Kisahani tupu cha metali kiliwekwa kati ya vipande viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa maandishi na picha, kisha kikabanwa kwa nguvu. Kila kipande cha chuma tutakiita muhuri. Kwa hiyo kila sarafu ni mtoto wa mihuri miwili, mmoja wa upande wa taji na mmoja wa upande wa thamani.

Kutokana na jambo hilo zinafuata kanuni ambazo mchunguzi hapaswi kuzisahau.

Kwanza, muhuri ni kinyume cha sarafu. Herufi huchongwa kuelekea kushoto ili zitoke zikielekea kulia, na kilichochimbwa katika muhuri huinuka katika sarafu. Basi mstari ulioinuka juu ya sarafu ulikuwa mchubuko au ufa katika muhuri, na kila sarafu iliyopigwa baadaye kwa muhuri huo italazimika kuuonyesha. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa sarafu hiyo peke yake, uliopatikana sokoni au ardhini. Kanuni hii pekee huondoa nusu ya makosa ya wanaoanza.

Pili, yatenganishwe mambo matatu: tofauti ya muhuri, hitilafu ya mapigo na uchakavu. Tofauti ya muhuri ilikuwapo katika chuma kabla ya pigo. Hitilafu ya mapigo ni ajali ya dakika moja: kisahani kilikaa vibaya, pigo lilikuwa dhaifu, au sarafu ilipigwa mara mbili na herufi zikawa na kivuli. Uchakavu ni kazi ya vidole, mifuko na udongo. Katika miswada tunajua mgawanyo huo huo: kuna neno ambalo mnakili aliliandika tofauti, kuna wino uliomwagika siku moja, na kuna karatasi iliyoliwa na mchwa. Anayeichunguza tungo hazihesabu tundu za mchwa kuwa ni lahaja.

Tatu, aina si sawa na muhuri mmoja. Mihuri kadhaa yaweza kufuata mfano mmoja wa taji au wa herufi, na yote ikahesabiwa katika aina moja. Kugundua aina ni hatua ya kwanza. Kugundua kwamba sarafu mbili zimetoka katika muhuri ule ule hasa ni hatua ya pili, nayo hudai alama ndogo zaidi: nafasi kati ya herufi na herufi, mwinamo wa tarakimu, nukta iliyokaa juu kidogo ya mstari.

4. Alama za heller 20

Sarafu hii ina taji la Kaisari, herufi D.O.A. (kifupi cha jina la Kijerumani la koloni), mwaka 1916, na herufi T inayosimama mahali pa jina la Tabora. Thamani, 20 HELLER, iko upande wa pili pamoja na matawi ya majani. Uso wake ni sahili, na usahili huo unasaidia: hakuna pambo jingi la kupoteza jicho.

Upande wa taji una aina mbili zinazokubaliwa na wakusanyaji: taji kubwa na taji dogo. Tofauti hii haipimwi kwa kukumbuka bali kwa kulinganisha. Inafaa kutazama nafasi iliyoachwa kati ya taji na maandishi na kati ya taji na ukingo, kwa sababu taji lililochakaa huonekana dogo kuliko lilivyokuwa, ila nafasi inayolizunguka haisemi uongo kwa urahisi.

Upande wa thamani una aina tatu, na ufunguo wake upo katika herufi mbili za L za neno HELLER. Katika aina ya kwanza, L ya pili peke yake ina ncha iliyojikunja. Katika aina ya pili, L zote mbili zina ncha zilizochongoka. Katika ya tatu, L zote mbili zina ncha zilizojikunja. Mwanafunzi wa isimu atatabasamu: zile konsonanti mbili ambazo Kiswahili kilizifanya moja katika hela ndizo zinazotuonyesha mkono wa mchongaji. Neno lilikopwa kwa sikio, sarafu inasomwa kwa jicho.

Aina mbili za upande mmoja zikikutana na aina tatu za upande wa pili hutoa michanganyiko sita, na kwa kuwa metali ni mbili, visanduku vya jedwali letu ni kumi na viwili. Michanganyiko hiyo haipatikani kwa wingi sawa. Rangi nayo idanganyayo isitumiwe peke yake kuamua metali: shaba ya njano iliyokaa ardhini hugeuka kahawia kama shaba nyekundu. Atazame mchunguzi mahali palipokwaruzika kiasili, hasa ukingoni, wala asikwaruze mwenyewe.

Jambo hili haliko katika heller 20 peke yake. Heller 5 za Tabora hutofautiana katika kitako cha taji, ambacho ama kimepinda kama yai ama kimenyooka. Katika rupia 15 za dhahabu, pambo la upande wa kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA katika baadhi ya sarafu, na chini ya A ya kwanza katika nyingine. Karakana nzima, basi, ilichonga kwa mkono, na mkono haurudii kazi yake bila kubadilika.

Kwa kulinganisha, msomaji achukue faranga 1 au faranga 5 za Katanga za mwaka 1961, ambazo ni za shaba yenye bati na zina picha ya ndizi na ya msalaba wetu wa shaba. Hizo zilitoka katika mashine za kisasa, na atahangaika kuona tofauti kati ya moja na nyingine. Zinafaa sana kwa zoezi la kuanzia: zinamfundisha mwanafunzi jinsi uchakavu mtupu unavyoonekana, kabla hajakutana na tofauti ya kweli.

5. Namna ya kufanya kazi

Vyombo vinavyohitajika ni vichache: kioo cha kukuzia mara tano hadi kumi, taa moja, rula ya milimita, mizani ndogo ikipatikana, karatasi nyembamba na penseli laini.

Sarafu iwekwe juu ya kitambaa, na mwanga utoke pembeni, karibu usawa wa meza, ili vivuli viziinue herufi. Taa ikizungushwa polepole, mstari uliofichika katika mwanga wa mashariki hujitokeza katika mwanga wa magharibi. Picha ya simu hufaa ikiwa imepigwa kwa wima na kwa mwanga huo huo kila mara. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha hubadilisha ukubwa wa taji na kuzaa aina ambayo haijawahi kuwapo. Penye uhaba wa vifaa, karatasi ihifadhiwe juu ya sarafu na penseli ipitishwe kwa ubapa mpaka maandishi yatokee. Nakala mbili za namna hiyo zikiwekwa moja juu ya nyingine mbele ya dirisha, nafasi za herufi hukubaliana au hukataa, na jibu huwa wazi.

Utaratibu wa kusoma uwe ule ule siku zote: metali, taji, L ya kwanza, L ya pili, nafasi za tarakimu za mwaka, nyufa zilizoinuka, na mwisho uhusiano wa pande mbili, yaani iwapo upande wa pili unasimama wima au kichwa chini sarafu inapogeuzwa. Uzito na unene viandikwe, ingawa katika sarafu hizi hutofautiana sana kwa sababu visahani havikukatwa kwa usahihi. Uzito peke yake hautambulishi aina. Kila sarafu ipewe kadi yake, na kadi iseme pia sarafu ilipatikana wapi na mikononi mwa nani, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Asiyeona alama waziwazi aandike «haisomeki». Kama ilivyo katika kuhariri muswada, pengo lililokubaliwa lina faida kuliko neno lililobuniwa. Na tofauti iliyoonekana katika sarafu moja tu isitangazwe kuwa aina mpya mpaka ipatikane ya pili yenye alama ile ile mahali pale pale. Hitilafu hutokea mara moja, muhuri hurudia.

6. Tofauti hizi zinatufundisha nini?

Mtu anaweza kuuliza: ncha ya L ina faida gani kwa chuo kikuu? Jibu limo katika mfuatano. Tuchukue mfano wa kudhania. Muhuri mmoja wa thamani unakutwa ukiwa mzima katika sarafu zenye taji kubwa. Muhuri huo huo unakutwa ukiwa na ufa katika sarafu zenye taji dogo. Kwa kuwa ufa hauponi, sarafu za taji kubwa zilitangulia. Ufa ukiwa mrefu zaidi katika kundi la tatu, kundi hilo ni la baadaye. Kwa njia hii sarafu ambazo zote zimeandikwa mwaka mmoja, 1916, hupangika kwa utaratibu ndani ya mwaka huo, bila hati yoyote ya karakana. Ndivyo wahariri wanavyopanga nakala za utenzi: kosa linaloshirikiwa huonyesha undugu, na kosa lililoongezeka huonyesha nani alizaliwa baadaye.

Swali la metali hujibiwa vivyo hivyo. Muhuri mmoja, katika hali moja ya uchakavu, ukionekana kwenye shaba nyekundu na kwenye shaba ya njano pia, basi metali hizo zilitumika kwa zamu katika siku zile zile. Ukionekana mzima katika moja na kupasuka katika nyingine, basi metali moja iliishia na nyingine ikaanza. Hiyo ni habari ya uchumi wa vita: nini kilibaki ghalani, na lini.

Kuna pia habari ya watu. Mafundi wa karakana hawakutia majina yao juu ya sarafu. Alichoacha mchongaji ni namna yake ya kukunja ncha ya herufi. Tunapotenganisha mkono mmoja na mwingine hatupati jina, lakini tunapata idadi ya mikono, haraka yake na marekebisho yake. Kwa historia ambayo mara nyingi inawataja majemadari tu, hilo si jambo dogo.

7. Tahadhari na hitimisho

Ushahidi huu unapotea kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuyeyushwa: shaba huuzwa kwa kilo, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu hatazami taji. Njia ya pili ni usafi uliozidi. Sarafu iliyosuguliwa kwa mchanga, majivu au ndimu hung'aa siku moja na kupoteza ncha za herufi milele. Ile ngozi ya kahawia au ya kijani ni sehemu ya umri wake, nayo huilinda. Yatosha kuosha udongo kwa maji safi na kukausha kwa kitambaa laini. Njia ya tatu ni biashara isiyo na maandishi: sarafu inauzwa kwa mgeni, na habari ya kijiji ilikotoka inabaki njiani. Tuongeze kwamba sarafu za Tabora, hasa ile ya dhahabu, zimeigwa sana. Sarafu iliyomiminwa kwa kuiga hujitambulisha kwa vitundu vidogo vya hewa na kwa herufi zenye mabega ya mviringo.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya lisansi katika historia, isimu au mambo ya kale wafikirie kuandaa orodha ya hela zilizomo katika familia za miji yetu ya ziwani, Kalemie, Moba na Uvira, bila kununua hata moja: kupima, kunakili kwa penseli au kwa simu, kuandika masimulizi ya mwenye nyumba, na kumrudishia mali yake. Jedwali la visanduku kumi na viwili lililoelezwa hapo juu linatosha kuwa mwanzo. Sarafu mia moja zilizosomwa kwa uangalifu, kila moja na kadi yake na mahali ilipotoka, zitasema mengi kuhusu safari ya mwaka 1916 kati ya Tabora na Kongo kuliko sarafu moja adimu iliyofungiwa kabatini.

Neno hela lilivuka mipaka likabaki hai vinywani mwa watu. Vipande vya shaba vilivyolizaa vinapungua kila mwaka, na kila kinachoyeyushwa kabla ya kusomwa ni ukurasa ambao hauna nakala.